AC ya chumba cha mama Buhongwa, fundi kanipigia hesabu ya milioni 2.6. Hii ni sawa?

Baba Nyamizi (mwanzisha mada)

Wakuu mwadila. Naishi Buhongwa kwenye nyumba yangu mwenyewe, bati la maruni, dari jipsamu, tofali za saruji za nchi sita. Mama yangu kahamia kwangu kutoka Magu, umri umeenda na ana presha, na chumba nilichompa ndo kile kinachopigwa na jua la jioni. Toka mwezi wa tisa uingie hali si hali, mchana hakikaliki na usiku ndo balaa zaidi, saa nne saa tano bado kunafukuta, anatoka anakaa kibarazani na mbu wote wale. Ananiambia mwanangu mimi nimekulia nyumba ya nyasi, huku kwako kuna moto. Inaniumiza kwa kweli maana nimemleta ili apumzike.

Nikaamua nifunge AC. Nikamwita fundi mmoja wa hapa mjini, akaingia chumbani akaangalia kwa macho dakika mbili akatoka, jioni akanitumia hesabu kwenye WhatsApp: AC ya BTU 24,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya kupoza) ya kawaida sio inverter 1,950,000, kufunga 250,000, bomba za kopa za ziada meta tano 175,000, breketi 40,000, waya na breka 120,000, gadi ya umeme 60,000. Jumla 2,595,000. Nikamuuliza mbona kubwa hivyo akasema Buhongwa kuna joto kali, ndogo haitaweza.

Chumba ni meta 4 kwa 3.6, urefu hadi dari meta 2.8, dirisha moja la aluminiamu la kuslaidi linaangalia machweo. Hela ninayo kwa kujinyima lakini sitaki kuitupa, halafu naogopa LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Waliofunga Mwanza hii naombeni uzoefu, bei ya kununua, bei ya kufunga na umeme unakula kiasi gani kwa mwezi. Na kama kuna njia nyingine pia semeni.

Ngosha wa Igoma

Mkuu, AC kwa Mwanza ni kujitafutia gharama. Hapa sio Dar, sisi tuko juu meta elfu moja na mia na kitu kutoka usawa wa bahari, usiku nje inashuka hadi nyuzi 18, 19, we hewa ya baridi iko nje ya dirisha bure kabisa. Mfungie bi mkubwa pangaboi, zile za dari zinakula wati 70 hivi, ukiwasha saa kumi mfululizo hata uniti moja haifiki. Fungua madirisha, weka wavu mzuri wa mbu, mchezo umeisha. Hiyo milioni mbili na nusu nunua ng'ombe.

Baba Nyamizi

Ngosha nashukuru, pangaboi ipo tayari. Ukiiwasha usiku inamwagia mtu hewa ya moto kutoka juu, mama anaomba izimwe. Na dirisha lenyewe la kuslaidi linafunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo muda wote.

fundi_baridi_mza

Habari mkuu. Mimi ni fundi wa majokofu na AC, nimefunga Nyegezi, Bwiru, Kiseke, Capri Point huko kote, wacha nikujibu kama fundi na simsemi vibaya mwenzangu maana simjui.

Chumba cha 4 kwa 3.6 ni meta za mraba 14.4. Kwa mazingira ya joto tunapiga BTU 600 hivi kwa kila meta ya mraba, unapata kama 8,600. Hapo 9,000 ingetosha kabisa kwa chumba cha kawaida. Sasa wewe una bati juu, una ukuta na dirisha la magharibi, ongeza asilimia 20 unafika 10,400, unachukua 12,000 na bado unabaki na akiba. 24,000 ni ya sebule kubwa iliyoungana na daining au ofisi ya watu kadhaa. Na usidhani kubwa ni salama zaidi. Ikiwa kubwa kupita chumba na sio inverter itashusha joto haraka sana halafu inajizima, baada ya muda mfupi inawaka tena, inajizima, hivyo hivyo usiku kucha. Kila kompresa ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na kwa kuwa haikai ikiwaka muda wa kutosha haikaushi ule unyevu, kwa hiyo mtu analala kwenye baridi yenye majimaji, shuka zinakuwa nzito na kwenye kona za ukuta ukungu mweusi unaanza kuota. Kwa mama mtu mzima hiyo sio nzuri hata kidogo.

Chukua 12,000 inverter. Tofauti ni kwamba inverter haiwaki na kuzima, kompresa inapunguza mwendo. Mwanzoni inavuta kama wati 1,000, chumba kikishapoa inashuka hadi 300 au 500 na inakaa hapo. Usiku mmoja wa masaa nane chumba kikiwa kimezibwa vizuri hesabu uniti nne hivi, chumba kikiwa kinavuja joto hesabu zaidi ya hapo.

Bei za hapa mjini ninazokutana nazo mimi, 12,000 inverter ya kampuni inayoeleweka inacheza 1,200,000 hadi 1,400,000, kufunga 120,000 hadi 150,000, breketi 35,000, waya wa 2.5 na breka ya peke yake kutoka kwenye meni swichi kama 90,000 kutegemea umbali, gadi 60,000. Ukijumlisha kwa bei ya katikati unaangukia milioni 1.6 na kidogo. Na hizo bomba za ziada muulize vizuri, AC nyingi za ukubwa huo zinakuja na bomba zake za meta tatu au nne ndani ya boksi, kama yuniti ya nje inakaa nyuma ya ukuta huohuo hauhitaji hata sentimeta ya ziada. Meta tano zaidi anataka kuipeleka wapi?

mtoto wa Kirumba

Fundi kaeleza vizuri lakini kwenye LUKU kuna kitu watu hawakiambiwi hadi yawakute. Mwanzisha mada, kwako sasa hivi uko tarifu gani, yaani kundi gani la bei ya umeme? Kama matumizi yako hayazidi uniti 75 kwa mwezi basi uko D1, ile ya watumiaji wadogo, uniti shilingi 100, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) 1 inakuwa 122. Ukizidisha 75 zile za juu zinapigwa 350 kabla ya kodi, na ukiendelea kuzidisha unahamishiwa T1, ile ya watumiaji wa kawaida, ambako kila uniti ni 292, na kodi zake inafika 356 na ushee. Kila uniti, kuanzia ile ya kwanza.

Sasa piga hesabu. Nyumba inayotumia uniti 70 kwa D1 inalipa kama 8,540 kwa mwezi. Fundi kasema uniti nne kwa usiku, siku thelathini ni uniti 120. Watu wanachukua 120 wanazidisha kwa 356 wanapata elfu 42 na mia saba wanasema mbona sio mbaya. Lakini taa na friji na TV zako nazo zimehama, zile uniti 70 ulizokuwa unanunua kwa 122 sasa unazinunua kwa 356 nazo. Jumla uniti 190 mara 356 ni kama elfu 67 na mia sita. Toa ile 8,540 ya zamani, ongezeko halisi ni elfu 59 na zaidi kila mwezi. Hiyo ndo bei ya AC kwa mtu wa D1, na kile kipengele cha kodi ya jengo cha 1,500 kwa mwezi kinaendelea kukatwa kama kawaida.

Kama tayari uko T1 basi hii haikuhusu, ongezeko lako ni ile elfu 42 tu. Angalia risiti ya LUKU, gawanya hela kwa uniti baada ya kutoa hiyo 1,500 utajua uko wapi.

Mi sisemi usifunge. Presha na joto haviendi pamoja, mzazi ni mzazi. Nasema ufunge ukijua.

Mama Kulwa

Baba Nyamizi pole na mama, mpe salamu zetu. Mimi naishi Isamilo kule juu kwenye mawe, nyuma ya nyumba yangu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Watu wa Mwanza tunajua hayo mawe, yanakunywa jua kutwa nzima halafu yanaanza kulitema kuanzia saa moja jioni, hadi saa nne ukilishika bado lina joto. Kwa hiyo habari ya kusema usiku Mwanza ni baridi inategemea uko wapi na nyumba imejengwaje. Ngosha kasema nje ni nyuzi 18, ni kweli alfajiri, ila bi mkubwa anataka kulala saa tatu sio alfajiri.

Nataka ufanye kitu kimoja kabla hujatoa hela yoyote. Leo saa mbili usiku ingia chumbani kwa mama, panda kwenye stuli, weka kiganja kwenye dari, kihesabie kama kumi. Halafu shuka weka kiganja kwenye ukuta wa dirisha, halafu ukuta wa ndani ule unaopakana na chumba kingine. Hivyo viganja vitatu vitakwambia joto linatokea wapi. Na kesho saa nane mchana fungua kile kifuniko cha dari cha kupandia juu, ingiza kichwa. Uangalie na kwenye gebo, ule ukuta wa pembetatu mwishoni mwa paa, kama kuna matundu ya hewa au wameziba.

Nakwambia hivi kwa sababu kwangu ilikuwa ni dari. Bati la rangi nzito likipigwa na jua la saa saba linafika nyuzi 60, ile hewa iliyo kati ya bati na jipsamu inapikika, na mafundi wetu wa siku hizi wanaziba kila upande kwa ajili ya popo na panya, sasa joto litatokea wapi? Linakaa mle linashuka taratibu kupitia jipsamu hadi usiku wa manane. Ndo maana pangaboi inamwagia mama hewa ya moto, inaichukua palepale chini ya dari.

Nilichofanya mimi nilitoboa gebo zote mbili nikaweka nondo na wavu mgumu wa kuzuia popo, nikatandaza juu ya jipsamu yale mablanketi ya sufi ya kioo kwenye vyumba vya kulala, na chini ya bati fundi akavuta ile foili ya kung'aa, upande wa kung'aa unaangalia chini kwenye hewa sio umelala kwenye kitu, ukigusana na kitu haufanyi kazi yake. Chumba cha watoto na changu pamoja vilikula kama laki nne na nusu na ufundi. AC mpaka leo sina na sijaitamani.

Na jirani yangu yeye aliamua kupaka bati rangi nyeupe ya bati, anasema imesaidia sana, ila kwa mji wetu na vumbi lile la kiangazi ujue utaiosha.

Ngosha wa Igoma

Mama Kulwa hapo nimekuelewa, hilo la gebo ni kweli tupu. Zamani nyumba zote za Mwanza zilikuwa na vile vitundu vya maua juu ya madirisha na kwenye gebo, sa hivi mtu anajenga anaziba kila mahali afu analia joto.

kutoka_Dar_2019

Naongezea kidogo maana nimekaa Dar Mbezi Beach kabla ya kuhamia Luchelele. Wanaosema AC zinakufa mapema wengi wanazungumzia pwani, kule chumvi ya bahari inakula zile kapi (vibati vyembamba) za aluminiamu kwenye yuniti ya nje hadi zinakuwa unga. Ziwa letu ni maji baridi, hamna chumvi, yuniti ya nje inakaa miaka. Adui wa huku ni wale wadudu wa ziwani. Walio karibu na maji wanajua, mwezi ukiandama wanatoka ziwani kama moshi, wanafuata taa, na kama taa ya usalama ya ukutani imekaa juu ya yuniti ya nje basi feni inawavuta wote inawabandika nyuma kwenye kondensa, pale penye hizo kapi panapotoa joto. Asubuhi unakuta blanketi jeusi, hewa haipiti, AC inahema na umeme unapanda. Ukifunga usiweke taa karibu nayo, na uwe unaipiga maji ya bomba ya kawaida kwa nyuma, sio yale ya presha kubwa ya kuoshea gari, yanalaza zile kapi. Buhongwa mko mbali kidogo na maji ila wakati mwingine upepo unawafikisha.

Neema N

Jamani na sisi wapangaji tusemewe. Kuna hizi AC za mtumba zinauzwa laki nne laki tano, kuna mtu anaziuza huku Nyakato, zina shida gani?

fundi_baridi_mza

Dada Neema, angalia kibandiko cha ubavuni kimeandikwa gesi gani. Nyingi za mtumba ni R22. Hiyo gesi dunia inaiondoa kwa Mkataba wa Montreal kwa ajili ya tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea kama sisi 2030 ndo inafika ukingoni, kwa hiyo kila mwaka inazidi kuadimika na bei inapanda. Unanunua kitu cha laki nne halafu ikivuja mara moja unaanza kuhangaika. Pia zilishafunguliwa kule zilikokuwa, bomba zake zimekatwa, uchafu umeingia, na huna njia ya kujua kompresa imebakiza nini. Kwa mpangaji mi ningesema pangaboi na pazia zito, halafu kama mnachangia mita ya LUKU na wapangaji wengine AC italeta ugomvi kabla haijaleta baridi.

Wengine watakuuzia zile feni za kuweka maji na barafu wakikwambia ni AC ya kuhama nayo. Ile inapoza kwa kuongeza unyevu hewani, inafaa sehemu kavu kama Dodoma. Chumba kimefungwa kando ya ziwa msimu wa mvua inakugeuzia chumba bafu.

Baba Nyamizi

Wakuu nimerudi. Nimefanya alivyosema Mama Kulwa. Aisee. Dari saa mbili usiku ina joto unalisikia kabisa kiganjani, vuguvugu. Lakini ukuta wa dirisha ndo ulinishangaza, ule una moto kushinda dari, nimeweka mkono na nikamwita mke wangu naye aweke. Ukuta wa ndani uko poa kabisa. Na saa nane mchana nilifungua kifuniko cha dari, ile pumzi iliyonipiga usoni sikukaa sekunde tano, na gebo zimezibwa zote kwa tofali na plasta, hamna hata tundu la kupitisha kidole.

LUKU nimepiga hesabu ya mtoto wa Kirumba, niko D1, uniti inanijia 122. Hilo sikuwa nalijua kabisa na nakushukuru sana kaka.

Sasa nauliza, nikitengeneza dari peke yake, na ukuta huo je? Na kama nitafunga AC baadaye nimuulize fundi nini ili nisiibiwe?

Mama Kulwa

Umeona sasa. Ukuta wa magharibi dawa yake ni kivuli, usiuache ule jua moja kwa moja. Kuna njia tatu na zote zinafanya kazi. Ya haraka ni kuweka kibaraza cha bati cheupe au turubai zito juu ya dirisha hadi mwisho wa ukuta, liwe limetoka meta moja na nusu hivi, ila jua la machweo linaingia chini chini kwa hiyo shusha na kitu cha mbele, hata mikeka ya matete ya kukunja inazuia vizuri na unaipata kwa bei ndogo. Ya pili ni mti, mwarobaini unakua haraka ila usiupande karibu na msingi, uache meta tano sita. Ya tatu paka huo ukuta nyeupe badala ya hiyo rangi uliyonayo.

Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, jua likishapita kwenye kioo joto limeshaingia chumbani. Lizuie likiwa nje. Na hilo dirisha la kuslaidi ukipata nafuu siku moja libadilishe liwe la kufunguka lote kama mlango, utashangaa.

Halafu mama alale upande wa ukuta wa ndani. Kitanda kiko wapi sasa hivi?

Baba Nyamizi

Kiko chini ya dirisha, kwenye huohuo ukuta. Nakihamisha leo leo.

fundi_baridi_mza

Naungana na Mama Kulwa japo ananinyima kazi. Anza na dari na kivuli, msikilizie mama mwezi mzima hadi mvua za vuli zishike, ukiona bado basi funga AC, na hapo hata 9,000 itakutosha, bei inashuka na uniti zinashuka. AC kwenye chumba chenye dari ya moto inapigana na bati usiku kucha na wewe ndo unalipia hiyo vita.

Sasa ya kumuuliza fundi. La kwanza kabisa na ndo kubwa kuliko yote, ana pampu ya vakyumu? Akuoneshe kwa macho, sio aseme ipo. Yuniti ya nje inakuja na gesi yake imefungiwa ndani, bomba zikishaungwa zinakuwa zina hewa na unyevu wa kawaida, inabidi ivutwe yote itoke kabla hujafungulia gesi. Mafundi wengi hapa mjini wanafungulia gesi kidogo inasukuma hewa itokee kwenye nati, sekunde kumi wamemaliza, wanaita kupuliza. Unyevu unabaki. Ukichanganyika na oili ya kompresa kwa muda unatengeneza asidi, asidi inakula waya za ndani, mwaka mmoja miwili kompresa imekufa, unaambiwa ni umeme wa TANESCO au AC ni feki. Kumbe iliuliwa siku ya kwanza. Pampu iwake nusu saa, izimwe, geji iachwe dakika kumi kumi na tano, mshale usipande. Ukipanda kuna sehemu inavuja, arudie kukata na kupanua mdomo wa bomba, asikaze nati kwa nguvu akidhani ataziba. Akishafungulia gesi apake povu la sabuni kwenye kila nati muone wote wawili.

Kama gesi ni R32 mwambie asivute sigara hapo, inashika moto japo sio kwa urahisi.

Yuniti ya nje isitazame magharibi, na tafadhali sana isisokomezwe kati ya nyumba na jiwe. Hiyo ni tabia ya Mwanza hii, mtu anaona ule uchochoro kati ya ukuta na jiwe ni sehemu nzuri wezi hawaioni, joto linatoka linagonga jiwe linarudi palepale linavutwa tena. Iache na nafasi ya kiganja na nusu nyuma, mbele kuwe wazi meta moja na zaidi. Kama ni wezi weka kizimba cha nondo zilizoachana.

Bomba la maji liwe na mteremko toka mwanzo hadi mwisho bila kupanda popote, na lipeleke maji mbali na msingi. Usiku mmoja wa unyevu inatoa lita kadhaa, yakitiririka ukutani rangi yote inabanduka.

Umeme upimwe kwa mita saa moja hadi saa tatu usiku wakati watu wote wamewasha, sio saa tano asubuhi. Walio mwisho wa laini wanaweza kukuta volti imeshuka sana muda huo na ukipimiwa mchana huwezi kuijua. Gadi iwe ya kuchelewesha dakika tatu hadi tano umeme ukirudi. Na waya wa ethi uwepo kweli, usiishie hewani.

Ukishaifunga weka nyuzi 25 au 26, hewa isimpige mama moja kwa moja, pangaboi izunguke taratibu kabisa. Kuishusha hadi 16 haipozi haraka zaidi, inafanya tu isipumzike. Filta zioshwe kila wiki mbili, ni maji na brashi laini tu, hata Nyamizi anaweza.

mtoto wa Kirumba

Mwanzisha mada, kama utafunga jaribu kuitumia kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku tu, kuanzia hapo nje imeshapoa, zima fungua dirisha. Uniti zinaweza kushuka hadi nusu. Msimu wenyewe wa kuhitaji ni hii miezi ya kabla ya vuli na kile kiangazi kifupi cha mwezi wa kwanza na wa pili, mwezi wa sita wa saba mama ataomba blanketi.

Baba Nyamizi

Nimeamua hivi wakuu. Fundi mwashi anakuja Jumamosi kutoboa gebo, wavu wa popo nimeshanunua. Kitanda kimehama, mama amelala hadi asubuhi bila kutoka nje, sijui ni kitanda au ni hewa ya jana ila nimefurahi. Foili na mablanketi nimezunguka Makoroboi sijaona duka lenye vyote viwili, mmoja kaniuzia maneno tu akanionesha foili ya kufungia chakula. Mama Kulwa ulinunulia wapi?

Mama Kulwa

Hahaha hapana hiyo usiichukue, itachanika siku ileile. Ingia kwenye maduka ya jipsamu na bati, sio ya hadware ndogo, uliza foili ya kuezekea ya kwenye roli, ina nyuzi ndani, ukiivuta kwa mikono miwili haichaniki. Chumba cha meta za mraba 14.4 chukua kama 17 maana inapandana kwenye viungio. Blanketi uliza la unene wa milimita 50 au zaidi na umwambie fundi avae barakoa na mikono mirefu, ile sufi inawasha siku tatu. Waya za taa zisifunikwe kabla hujamwita fundi umeme azikague, hasa kama kuna sehemu zimeungwa kwa tepu.

Baba Nyamizi

Sawa mama yangu. Fundi umeme nampigia sasa hivi.